Swingi elfu kumi: kiganja huchoka kabla ya mapafu

Nilipojaribu mara ya kwanza kurusha ketobeli, kile chuma cha mazoezi chenye mkono juu, mara elfu kumi ndani ya mwezi, nilikuwa naishi Nakuru, chumba cha kupanga huko Section 58, na nilishindwa siku ya sita. Si pumzi iliyonishinda. Ngozi ya kiganja cha kulia ilichanika chini ya kidole cha pete, nikaifunga kitambaa, nikaendelea kwa ukaidi, na kesho yake sikuweza hata kushika mwiko wa kusongea ugali. Mara ya pili nilikuwa nimeshahamia Kisumu, na huko nilimaliza. Mapafu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni namna ninavyoshika chuma na namna ninavyokunja nyonga, kwa hiyo nitakaa sana kwenye mambo hayo mawili. Ratiba, ambayo kila mtu huiulizia kwanza, itasubiri kidogo.

Kazi yenyewe ni hii: swingi 10,000 kwa vipindi 20, yaani 500 kila kipindi, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne. Swingi moja ni kukirusha chuma kwa nguvu ya nyonga kutoka kati ya mapaja hadi usawa wa kifua. Mpango huu ulienezwa mwaka 2013 na kocha Mmarekani Dan John, na uzito wake ni kilo 24 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke. Piga hesabu kabla hujajisifu mbele ya watu. Swingi 500 za kilo 24 ni tani 12 kwa asubuhi moja, sawa na mifuko 240 ya simenti. Mwezi ukiisha umerusha tani 240. Ndiyo maana kosa dogo la mkao, ambalo kwenye swingi ishirini usingelisikia, hapa linakulaza kitandani.

Kupata chuma

Ketobeli ni tufe la chuma lenye mkono juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Asili yake ni Urusi, ambako ilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka sokoni. Kipimo chao kiliitwa pudi, kama kilo 16 na kidogo, na hiyo ndiyo sababu mpaka leo utakuta chuma cha 16, cha 24 na cha 32: pudi moja, moja na nusu, mbili.

Madukani vyuma hivi huuzwa kwa kilo, na cha 24 si bei ya kununua bila kufikiri. Usikimbilie kununua. Jimu nyingi za Kisumu na Nakuru zina cha 16 na cha 20, na ukilipia mwezi mmoja utajua kama mchezo unakufaa. Ukinunua, pitisha kidole sehemu yote ya mkono wa chuma. Ukikuta mshono wa kiwandani, au rangi nzito inayomeguka, rudisha. Mshono huo huo ndio utakaokuchana siku ya tano. Tupa pia wazo la ketobeli yenye mkono mwembamba kama wa ndoo, inakata vidole.

Njia ya tatu ni fundi wa kuchomelea. Kisumu utampata Kibuye, na kila mji wa magharibi, Kakamega, Bungoma, Busia, una mafundi wake. Mwambie akutengenezee herufi T kwa paipu: paipu fupi ya kushika juu, nyingine ndefu inashuka chini, na kwenye ncha ya chini sahani ya chuma iliyochomelewa kabisa ili pleti za uzito zisitoke. Pleti zinaingia kutoka juu, halafu mkono unafungwa kwa nati. Wangu aliniuliza, "Boss, hii ni kengele ya kanisa?" Nikamwambia ni ya mazoezi, akatikisa kichwa, lakini alisaga kingo zote vizuri bila kuombwa. Uzuri wa T ni kwamba unaongeza uzito kidogo kidogo. Ubaya wake: ni ndefu, kwa hiyo simama na miguu mipana zaidi isije ikakugonga goti.

Je, mtungi wa mchanga? Mtungi wa lita 10 uliojaa mchanga mkavu hukaribia kilo 16, na kwa kujifunza mkao wiki moja unatosha. Kwa swingi 500 kwa siku, hapana. Mkono wa plastiki unachoka kimyakimya, na siku utakapokatika mtungi utakuwa unaelekea mbele kwa kasi. Wa maji usiujaribu kabisa, maana maji yanacheza ndani na kukuvuta upande.

Nani asianze

Mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye tatizo la moyo, mwenye ngiri, mjamzito au aliyejifungua juzi, na mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni au kuleta ganzi: hawa waonane na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Anayechukulia mazoezi kuwa ni kukimbia tu, na hapa kwetu ndio wengi, naye asiingie moja kwa moja. Mkimbiaji ana mapafu ya kumaliza swingi 500 siku ya kwanza, ila hana mgongo wala kiganja cha kuzirudia siku ya pili. Yuko hatarini kuliko mtu asiye na pumzi, kwa sababu asiye na pumzi angalau huchoka mapema na kukaa chini.

Nyonga, hapa ndipo penye kazi

Ukipita Ahero wakati wa kupandikiza mpunga, tazama akina mama wenye uzoefu. Magoti yamelegea kidogo tu, makalio yamekwenda nyuma, mgongo umenyooka kama meza. Wanafanya hivyo saa nzima. Kijana wa mjini akiingia shambani anapinda mgongo kama ndoana na baada ya nusu saa anashika kiuno. Swingi ni ule mkunjo wa akina mama, ila unaufungua kwa nguvu.

Chukua mti wa ufagio, uweke mgongoni kwa kusimama, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Shika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine. Sasa sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango ukiwa na beseni mikononi. Magoti yakunjike kidogo, yasiende mbele. Mti ukiachana na sehemu yoyote kati ya zile tatu, mgongo wako umepinda. Rudia mara ishirini kila asubuhi kwa wiki nzima kabla hujagusa chuma. Najua inachosha na haipigwi picha. Fanya.

Mti ukishatulia, simama kisigino kiwe hatua fupi kutoka ukutani na uguse ukuta kwa makalio bila kuchuchumaa. Swingi si kuchuchumaa. Hili nalirudia kwa sababu jimu nyingi utakuta mtu anashuka magoti kama anakaa kwenye kigoda, kisha anainua chuma kwa mabega. Huyo atafika swingi 80, mabega yawake moto, aseme zoezi ni gumu.

Sasa chuma. Kiweke chini mbele yako, umbali wa karibu futi moja. Miguu ipite upana wa mabega kidogo. Kunja nyonga, shika mkono wa chuma, kielemee upande wako, kisha kivute kwa nguvu nyuma kati ya mapaja, juu, karibu na kinena. Kikipita chini ya magoti kinakuvuta kiuno. Mikono ya juu ikigusa mbavu na mikono ya chini ikigusa mapaja, simama ghafla: makalio yakaze, tumbo likaze, magoti yanyooke, miguu ishike ardhi. Chuma kitapaa chenyewe hadi usawa wa kifua. Mikono yako ni kamba tu. Kamba haiinui kitu.

Kinaposhuka ndipo wengi huharibu. Wanakunja nyonga mapema, chuma kikiwa bado hewani, na uzito wote unaangukia mgongoni. Subiri. Simama wima mpaka karibu mikono ikuguse mapaja, ndipo urudishe makalio nyuma. Pumzi iingie kwa pua chuma kinaposhuka, itoke kwa kishindo kifupi kinapopaa, kama mtu anayezima mshumaa mmoja. Macho yatazame chini mbele yako, umbali wa kama mita tatu, shingo isijipinde kuangalia dari.

Na kukitua: swingi ya mwisho ikirudi nyuma, kipeleke mbele polepole na kukiweka pale kilipoanzia, mgongo ukiwa bado umenyooka. Usikitue kwa kujipinda upande kutafuta simu. Watu huumia kwenye swingi ya 51, ile isiyohesabiwa.

Kipimo chako ni maumivu ya kesho yake. Yakiwa kwenye makalio na nyuma ya mapaja, umefanya sawa. Yakiwa kiunoni, rudi kwenye ufagio.

Kiganja

Ukishika chuma kwa kukibana katikati ya kiganja, ngozi inajikunja chini ya vidole, na kila swingi inausaga ule mkunjo. Mara 500. Badala yake vidole viwe kulabu: mkono wa chuma ukae kwenye mashina ya vidole, kiganja kikiwa kimelegea. Chuma kikiwa juu hakina uzito kwa nusu sekunde, basi legeza hapo. Kikishuka, kaza. Mara ya kwanza utaogopa kitaruka kwenda kwa jirani. Hakitaruka.

Sugu ni rafiki yako ikiwa tambarare, ni adui ikiwa kilima. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini, isugue kwa lile jiwe la kusugulia visigino mpaka ilingane na ngozi ya kando yake. Usiikate kwa wembe. Usiku paka mafuta ya mgando kidogo, asubuhi mikono iwe mikavu. Chaki ya mazoezi inafaa Kisumu ambako jasho haliishi, lakini kidogo tu. Ikizidi inageuka msasa. Glovu nene sizipendi: zinajikunja na kuleta malengelenge mapya. Kinachofanya kazi ni soksi kuukuu. Kata kipande cha shingo ya soksi, upana wa vidole vitatu hivi, ukivalishe kwenye vidole vinne, kifunike mashina yake. Unaonekana kichekesho, na unamaliza mwezi.

Ukihisi sehemu inawaka moto, simama hapo hapo, hata kama zimebaki 20. Ikishachanika, osha kwa sabuni na maji safi, funika, pumzika mpaka ngozi ikauke, kisha ongeza siku mwisho wa ratiba. Mimi niliongeza siku tatu. Chuma hakikulalamika.

Wiki tatu za maandalizi

Mpango wa awali haukutungwa kwa anayeanza sifuri. Ukiwa mgeni, fanya hivi siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza, swingi 10 kila mwanzo wa dakika, kwa dakika 10, jumla 100. Wiki ya pili 15 kila dakika, kwa dakika 10 hadi 12. Wiki ya tatu 20 kwa mizunguko 12 hadi 15, ukipumzika sawasawa na muda uliofanya kazi. Ukifika 300 bila kiuno kulalamika kesho yake, uko tayari. Mwanamume asiyewahi kugusa chuma aanze na 16, na hata mwezi wa swingi 10,000 aufanye na 16 au 20 bila aibu; mwanamke aanze na 8 au 12. Chuma kizito kabla ya mkao ni haraka haraka isiyo na baraka.

Kipindi cha swingi 500

Kipindi kina raundi tano za swingi 100, na kila raundi inagawanywa hivi:

Swingi 10, kisha zoezi la nguvu mara 1.
Swingi 15, kisha zoezi la nguvu mara 2.
Swingi 25, kisha zoezi la nguvu mara 3.
Swingi 50, kisha pumzika kama dakika 3.

Kati ya seti pumzika sekunde 30 hadi 60. Zoezi la nguvu ni moja kwa siku: leo kusukuma uzito juu ya kichwa, kesho skwoti, yaani kuchuchumaa na kusimama, ukiwa umekumbatia chuma kifuani, siku nyingine kujivuta kwenye mti au nondo, nyingine dipu, yaani kujishusha na kujiinua kwa mikono kati ya vyuma viwili. Siku ya tano ya wiki ni swingi peke yake. Huna nondo ya kujivuta? Tawi la mwembe linatosha, au ubadilishe uweke pushapu, mara mbili ya idadi ile. Zoezi hili lisikumalize. Kazi yake ni kuupa mgongo mabadiliko.

Zile 50 ndizo zenyewe. Mwendo wa kawaida ni swingi 35 hadi 40 kwa dakika, kwa hiyo 50 huchukua kama dakika moja na robo. Mpaka 30 unahesabu, kuanzia 35 unaomba. Weka sheria kabla hujaanza: swingi moja ikipaa kwa mabega badala ya nyonga, au kiuno kikisikika kabla ya makalio, tua. Pumua mara kumi, maliza zilizobaki. Seti ya 25 na 25 nyingine inahesabika sawa na 50. Anayekwambia haihesabiki hatakupeleka kwa daktari wa mgongo.

Kuhesabu kwa kichwa kunakosea. Panga vizibo vitano vya soda chini, hamisha kimoja kila raundi ikiisha. Muda uandike kwenye daftari. Mimi nilianza na dakika 47 na nikamaliza mwezi kwenye 28. Ukijumlisha, swingi zenyewe ni kama dakika 13 au 14 tu. Kilichopungua ni kupumzika, na hicho ndicho kipimo cha maendeleo.

Wiki nne zinavyokwenda

Ratiba yangu: Jumatatu, Jumanne, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumatano na Jumapili pumziko. Msabato ahamishie Jumamosi yake Jumapili, mradi usifanye siku tatu mfululizo zaidi ya mara moja kwa wiki.

Wiki ya kwanza usiangalie saa. Andika muda, usiukimbize. Wiki ya pili ni mbaya, nakwambia mapema ili usishangae: kipindi cha saba mpaka cha tisa mikono imechoka, usingizi mzito, na akili inakutafutia sababu. Hapo ndipo unapunguza uzito kama kuna haja, badala ya kupunguza idadi. Wiki ya tatu mwili unazoea ghafla. Sasa punguza pumziko baada ya 50 kutoka dakika 3 hadi 2. Wiki ya nne fanya kipindi kimoja cha haraka, kimoja tu. Vingine viwe vya kawaida.

Joto, baridi na sahani

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na joto lake lina unyevu wa ziwa. Maliza kabla ya saa mbili asubuhi. Jioni ukitaka, jiandae kwa mvua ya radi. Chuma kilicholowa hakirushwi. Nakuru iko kama mita 1,850, na asubuhi ya Julai mikono inagandia chumani. Pale pasha mwili dakika kumi badala ya tano: zungusha nyonga, ufagio, skwoti bila uzito, swingi 20 za chuma chepesi. Ukitoka Kisumu kwenda Nakuru katikati ya mwezi, pumzi itabana siku chache za kwanza. Ongeza mapumziko, utazoea.

Kama unapanga ghorofani, shuka chini uwanjani. Kilo 24 zikitua saa kumi na moja alfajiri juu ya dari ya jirani, kesho utakuwa na kikao na mtunza jengo. Tua juu ya tairi kuukuu au gunia la mchanga. Viatu viwe raba nyembamba za soli tambarare, au miguu mitupu. Raba za kukimbilia zinabonyea na kukuyumbisha.

Kwa chakula sina siri. Uji wa wimbi au ndizi kabla kama tumbo linakubali, na ndani ya saa moja baadaye mlo kamili: ugali na omena, au mayai, au maharagwe, ndengu, maziwa mala. Tani 12 kwa siku hazijengwi kwa chai na mandazi mawili. Maji kunywa mchana kutwa, na siku za jasho jingi chakula kiwe na chumvi ya kawaida.

Kuna dalili moja ya kutochezea. Ukienda haja ndogo na mkojo uwe mweusi kama strungi, ile chai isiyo na maziwa, huku misuli imevimba na inauma kupita kiasi, acha kila kitu uende hospitali siku hiyo hiyo. Misuli iliyoharibika inamwaga sumu kwenye figo. Huwapata hasa wanaoruka maandalizi na kufanya mamia ya swingi siku ya kwanza. Ganzi mguuni au maumivu ya kifua, vivyo hivyo.

Baada ya kipindi cha 20

Pumzika siku tatu kamili, tembea tu. Wiki inayofuata swingi 100 mara mbili, kwa chuma kile kile, ili mkao usipotee. Kisha chukua chuma kinachofuata kwa uzito na ufanye seti za 10 peke yake. Kilo 24 zitakuwa zimekuwa nyepesi, na hapo utatamani kurudia elfu kumi mara moja. Ngoja miezi mitatu. Nyonga zitakuwa tayari mapema zaidi ya hapo, ila viwiko na vifundo vya mikono hupona polepole, na havipigi kelele mpaka vimeshaharibika. Mimi nilisubiri wiki tano, nikapata kiwiko cha kushoto kinachouma kila ninapofungua mfuniko wa chupa.